Nilivyopima Vyuo vya Marekani kwenye Mizani ya Korosho

Nianze na ujinga wangu, nisije nikausahau kwa makusudi. Chuo kikuu cha kwanza nilichoomba Marekani nilikichagua kwa kilo. Likizo ya Septemba nilibeba prospektasi saba, vile vitabu ambavyo vyuo hujitangazia, hadi ghala la chama cha msingi cha wakulima kijijini kwetu, upande wa Kitangari, nikaziweka moja moja juu ya ile mizani ndogo ya kupimia sampuli za korosho. Iliyosukuma mshale mbali kuliko zote nikaitangaza mshindi. Hoja yangu ilikuwa nzuri tu: chuo chenye karatasi nyingi hivyo za kumgawia bure mtu kisiyemjua hakiwezi kukosa nafasi moja ya kunipa.

Prospektasi zilikuja kwa anwani ya chama, kwa sababu nyumbani hatuna sanduku la posta, na bwenini kwetu Masasi kitu chenye picha za rangi hakifiki salama kitandani kwa mwenyewe. Unaandika barua moja, wao wanakutumia kitabu kizima mpaka Newala. Katibu wa chama alipopokea vile viwili vya mwanzo alivigeuzageuza sana. Tangu soko liwe huria, kila msimu wanaingia wanunuzi wenye majina mapya, naye akajua ni hao hao.

"Kijana, hawa mabwana mbona hawajaja kujitambulisha ofisini?"

"Hawa hawanunui korosho, mzee. Wanachukua vijana."

Alicheka, kisha akaacha ghafla. "Utani huo usiupeleke kwa bibi yako. Yeye habari za waliochukuliwa utumwani alisimuliwa na wazee wake."

Sikuupeleka.

Sasa, kupima kilo kusingekuwa kosa kubwa kama ningekuwa na nafasi za kuchezea. Nilikuwa na tatu tu. Kila chuo kinataka matokeo yako ya shule yachapwe kwa Kiingereza, yasainiwe na mkuu wa shule, yagongwe muhuri. Karani wetu ana taipureta moja na utepe mmoja uliochoka, na mitihani ya shule nzima inausubiri utepe huo huo. "Tatu," aliniambia bila kuinua kichwa. "Ukija kutaka ya nne nitakuchapa wewe."

Na alama zangu hazikuwa za kumtisha mtu. Ule mtihani wa Wamarekani wa kuombea vyuo vyao niliufanyia Dar, nikilala kwa mjomba, baada ya siku mbili za barabarani na tope la Rufiji bado limo kwenye soksi. Nikapata mia tisa na arobaini katika elfu moja na mia sita. Hesabu zilinibeba mgongoni, Kiingereza kikanibwaga njiani.

Mshindi wangu wa kilo alijibu mwanzoni mwa Desemba, kwa karatasi moja. Walisema wamepokea maombi mengi kutoka kwa watu wenye sifa, wananitakia kila la heri. Niliisoma mara nne nikiitafuta ile "lakini". Haikuwemo.

Bwenini hawakunionea huruma. "Mmarekani, vipi, viza imekwama kwenye foleni ya maharage?"

"Chekeni tu. Mimi nimekataliwa na watu wa maana. Nyie mmekataliwa na nani?"

Wakacheka, nami nikacheka kuwazidi wote, maana ndiyo kazi yangu pale bwenini. Ila nilipokuwa naikunja ile barua nilikuwa nahesabu. Zilibaki karatasi mbili za karani. Zikienda na njia ile ile, basi mimi nimekwisha, na hadithi ya kusimulia nitakayobaki nayo ni ya mizani.

Shule ilipofunga nilimkuta mama uani, amekaa kwenye jamvi, anachambua korosho. Mama amesoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza chake ni salamu ya asubuhi peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Katibu kaniambia ulikwenda kupima vitabu ghalani."

Katibu wetu hana siri. Nikamweleza yote, na nikalitia chumvi lile la kilo ili acheke tuyamalize. Hakucheka.

"Zimebaki karatasi ngapi?"

"Mbili."

"Lete hivyo vitabu. Kaa hapa. Mkono mmoja chambua, mwingine shika kitabu unisomee."

Nikakaa. Akaniuliza, macho kwenye korosho: "Hizo alama zako ni daraja la ngapi?"

"Mama, kwa upande wa Hesabu, ukiangalia..."

"Nimeuliza daraja."

"La pili."

"Haya. Daraja la pili linauzwa. Mwaka jana si niliuza? Ila sikulipeleka Tandahimba nikapange foleni na wenye daraja la kwanza. Nilimtafuta mnunuzi ambaye lori lake halijajaa na dereva wake anataka kuondoka. Huyo hakusimangi. Sasa humo ndani nitafutie nani lori lake halijajaa."

Nikaanza kumsomea kurasa za mbele, zenye majengo na nyasi zilizokatwa vizuri. Akanikatiza. "Hilo ni bango. Bango kila mnunuzi analo. Soma nyuma."

Huko nyuma, kwa herufi ndogo, wameandika alama za wanaopokelewa, wageni wanatoka nchi gani, na kama wanasaidiwa ada au hawasaidiwi. Mimi, mwanafunzi wa kidato cha sita, nilikuwa nimeishi na vitabu hivyo miezi mitatu bila kufika nyuma.

Tukaanza kuvichambua. Cha kwanza alama zao zilinizidi kwa mbali. "Foleni," akasema, akakitupa upande wa maganda. Vingine viwili vilikuwa hivyo hivyo. Cha nne alama ziliniruhusu, lakini msaada wa ada ni kwa raia wao tu. "Huyo anataka korosho, anataka na gunia, halafu umbebee mpaka kwake." Nacho kikaenda kwenye maganda. Cha tano kilikuwa na bwawa la maji ya buluu lenye paa juu. Hapo mama aliacha kuchambua. Sisi huku juu maji tunayafuata bondeni, yanapanda mlima kichwani kwa mtu.

"Haya ni ya kunywa?"

"Ya kuogelea, mama. Ndani ya nyumba."

Akarudi kwenye korosho zake. "Wana wazimu hawa. Lakini mimi sijawauliza habari za maji. Soma nyuma." Nyuma hapakuwa pabaya: alama zangu ziliingia kwa shida, na wageni wachache husaidiwa. Akakiweka karibu na goti lake.

Kikabaki kijitabu chembamba, ambacho mimi sikuwa hata nimekifungua vizuri. Chuo chenyewe kiko jimbo la baridi, na wanafunzi wake ni kama wa shule yetu ukiongeza na ya jirani. Mama alikichukua mwenyewe, akapitia picha zote tangu mwanzo hadi mwisho, akarudia.

"Mbona wote wanafanana?"

"Ni Wazungu, mama."

"Wote? Mweusi hata mmoja?"

"Yupo huyu, kwenye mpira."

"Huyu ndiye huyu wa maktaba. Na ndiye huyu anayekula. Wamempiga picha mara tatu mtu mmoja, wamembadilisha shati." Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu. "Lori lao halijajaa hawa."

Nikasoma nyuma. Alama zangu zilikuwa katikati kabisa ya zao. Wageni husaidiwa. Kisha orodha ya nchi, fupi. Tanzania haimo.

"Nani yumo wa huku?"

"Kenya. Mmoja."

"Kenya wameshafika?" aliuliza kama aliyetukanwa. "Andika hapo."

Nilibisha. Nilimwambia chuo hicho hakuna anayekijua, kwamba nikilitaja jina lake bwenini hakuna atakayegeuka. Mama akahamia kwenye Kimakonde, lugha anayoitumia jambo likiwa halina mchezo, akaniuliza kama nataka kusoma au nataka watu wageuke. Nikachukua kalamu, nikaliandika jina la chuo.

Januari karani akachapa mbili zilizobaki. Utepe ulikuwa umefifia hata alama zangu zikasomeka kama siri ya serikali. Nikazipeleka posta ya Masasi mwenyewe, moja kwa wenye bwawa, moja kwa wale wa picha tatu.

Wenye bwawa waliandika mwezi Machi: nafasi ningepata, msaada umekwisha. Hapo ikabaki moja, na utani wangu wote bwenini ukawa wa kulazimisha. Wenzangu waliona. Mmoja alinigawia andazi lake, ndipo nikajua hali ni mbaya.

Siku ya pili ya likizo ya Pasaka katibu alikuja nyumbani na baiskeli yake, bahasha amefunga nyuma kwa mpira. Alikataa maji, alikataa kiti. "Soma," akasema. Mama alikuwa anatwanga. Akasimamisha mchi.

Nilisoma kwa Kiingereza kwanza, kimoyomoyo. Kisha nikasoma kwa sauti, kwa Kiswahili. Wamenipokea. Ada yote wameifuta. Chakula na malazi nitavifanyia kazi jikoni kwao.

"Jikoni? Huyu?" Katibu akacheka mpaka akashika baiskeli. Halafu akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake, akauacha humo muda mrefu. Sijawahi kushikwa mkono namna ile. Nilisimama wima, mimi wa daraja la pili, nikiwa mtu wa kwanza kutoka kijiji chetu kuitwa Marekani kwa barua yenye jina lake, na sikutafuta cha kuchekesha.

Mama aliuweka mchi kando. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaichukua barua, akaikunja kufuata mikunjo yake, akairudisha kwenye bahasha, akanipa. Ndipo aliposema, na hapa siongezi wala sipunguzi:

"Waandikie leo kwamba tumewakubali. Ila usiwashukuru sana, wasije wakadhani sisi ndio tuliokuwa na shida."