Makambale Saba wa Gari la Beni

Asubuhi ile pakingi ya Butembo ilikuwa kama siku zote: kelele, vumbi, na mama mmoja analia kwamba gari limemwacha. Mgeni akifika pale alidhani ni fujo tupu. Haikuwa fujo. Magari ya Goma yalisimama upande wa chini, karibu na wauza mapipa ya mafuta. Ya Kasindi yalikaa kando ya barabara, maana abiria wake ni wafanyabiashara na wafanyabiashara hawana subira. Ya Beni yalijipanga katikati, mbele ya meza yangu. Ukitaka kwenda Oicha au Mangina ulipanda la Beni, ukashuka kule, ukatafuta gari lingine. Nilieleza hayo mara mia kwa siku, na aliyeniuliza mara ya mia na moja alitukanwa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika manifesti, yaani orodha ya majina ya wasafiri. Niliandika kwa karatasi ya kaboni, nakala tatu: moja ya dereva aonyeshe kwenye bariyeri za barabarani, moja ya ofisi ya pakingi, moja ya watu wa usalama. Waasi walikuwa wameshika mji, na hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao. Asiyekuwa kwenye manifesti hakusafiri, hata angekuwa padri.

Sasa, sisi Wanande mtoto wetu jina lake linamngoja kabla hajazaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, twende hivyo mpaka mama achoke. Mimi ni Paluku. Ukiita "Kambale!" katikati ya pakingi, vichwa kumi vinageuka. Na sisi waandishi tulikuwa tumezoea kuandika jina hilo moja tu, na mahali mtu anakotoka: Kambale wa Lubero, Kambale wa Musienene, basi. Tulijuana. Nani angeomba zaidi ya hapo?

Mdogo wangu, aliyenifuata mimi, alikuwa Kambale naye. Alikuwa fundi wa mbao. Alikuja na sanduku lake la randa na misumeno, anakwenda Mangina kutia milango kwenye kanisa.

"Yaya, nipatie place ya muzuri," akaniambia. Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Place ya muzuri ni ya bale banaamuka mapema. Weye unafika jua imeisha kupanda, sawa vile chef mukubwa."

Alicheka. Gari la kwanza lilikuwa bado halijaondoka na lilikuwa na nafasi moja, lakini dereva wake alikuwa anakimbiza kama kichaa. Nikamwambia angoje la pili. Mimi mwenyewe nilimwambia. Nikampa mahali pazuri juu ya magunia, nyuma ya kabini, pale ambapo upepo haukupigi sana. Akakaa, sanduku katikati ya magoti.

Lazima nimtaje Dezi. Dezi alikuwa mkubwa wa pakingi. Alivaa filimbi shingoni, na hakuna gari lililotoka bila filimbi ile kulia. Shati lake lilipigwa pasi kila siku, na alikuwa anacheka na kila mtu. Wiki ile alikuwa amegombana na dereva mmoja wa gari la Beni, mtu wa Mangina, juu ya zamu ya kupakia. Dereva alimwita mwongo mbele ya watu wote.  Dezi akaenda kambini kwa waasi, akawaambia kwamba dereva wa Mangina, Kambale, anapeleka barua kwa watu wa porini waliokuwa wanapigana nao kule Mabalako. Ndiyo, dereva naye alikuwa Kambale. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilichokijua ni kwamba pikapu imeingia pakingi na watu wameacha kupiga kelele.

Askari walikuwa watano.

Mkubwa wao hakuwa mtu wa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha mbali. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Kambale ni nani hapa?"

Haki ya Mungu, nilitaka kucheka. Kwetu hilo si swali. Nikafikiri: huyu hajui kitu, wamemtuma na jina tupu. Nikimwonyesha walivyo wengi atachoka, atarudi alikotoka. Niliamini kwamba jina la watu wengi ni kama kichaka, mtu anajificha ndani. Nikageuza manifesti ya gari la pili, nikahesabu kwa kidole mbele yake.

"Afande, humu Kambale iko saba. Unatafuta Kambale ya wapi?"

Aliangalia karatasi. Hakuchoka.

"Shusha wote saba."

"Afande, sikia. Ile hapana jina ya famille. Kila nyumba iko na Kambale yake..."

"Shusha."

Mtutu ulikuwa mbavuni mwangu. Nikasoma.

Nilisoma mimi, kwa sauti yangu. Mzee aliyetoka hospitali. Mwalimu. Wauza vitunguu wawili. Katekista. Mtu aliyekuwa anapeleka mbuzi kwa wakwe.

Wa saba nilisoma polepole.

Mdogo wangu alimpa mama aliyekaa karibu naye sanduku amshikie. Akashuka.

"Uyu ni mudogo wangu, Afande," nikasema.

"Na wewe ni Kambale?"

"Hapana. Miye Paluku."

"Basi nyamaza, Paluku."

Nikanyamaza.

Dezi alisimama hatua kumi kutoka pale, filimbi mdomoni. Alijua anayetafutwa ni dereva. Alijua dereva yule ameshakwenda Kasindi tangu juzi. Angesema neno moja: si hawa. Hakusema.

Mdogo wangu hakuniita. Aliniangalia tu, kama mtu anayengoja umalize kueleza jambo. Pikapu ikaondoka.

Siku tatu mimi na mama tulikaa mbele ya lango la kambi na chungu cha chakula. Mlinzi alikula chakula, akatuambia turudi kesho. Siku ya nne walimtoa yule mzee wa hospitali, kwa sababu alikuwa anakohoa damu na hawakutaka afie mikononi mwao. Tulimbeba mpaka kwake. Huko ndiko alikotueleza.

Mchana wa siku ya kwanza Dezi aliletwa kambini. Wakamsimamisha mlangoni, wakamwuliza, nani kati ya hawa? Aliwatazama wote saba, mmoja baada ya mwingine. Watu wa pakingi yake. Katekista aliwahi kumfundisha mtoto wake sala.

"Hakusema ndiyo," mzee akatuambia. "Hakusema hapana. Alisema: labda ni mumoja wabo."

Labda.

Siku ya tano wale sita waliobaki walipakiwa kwenye gari, likashika njia ya Beni. Hakuna aliyerudi. Hakuna aliyetuonyesha shimo, wala mfupa, wala kiatu. Yule mama wa garini alituletea sanduku la mdogo wangu nyumbani, akaliweka mlangoni, akaondoka analia.

Padri alitaka kusoma misa ya wafu. Mama akakataa. "Misa ya nani? Mulimuona?" Mpaka leo hajakubali. Mwanamke yule anataka kitu kimoja tu duniani, kumzika mwanawe, na mimi ndiye mtoto wake mkubwa.

Usidhani najisahau mimi. "Saba" lilikuwa neno langu. Nimelitafuna miaka yote hii na bado lina ladha. Lakini mimi nilisema saba nikitaka kuwaficha. Dezi alisema labda akitaka kulala vizuri kwake. Si kitu kimoja, na atakayeniambia ni kitu kimoja sitamjibu kwa mdomo.

Dezi alihama mwezi ule ule, akaenda kuishi Mangina. Vita vikaisha, au wakasema vimeisha. Wale waasi walibadilisha nguo tu, wakawa serikali. Nasikia yule Afande ana cheo kikubwa sasa. Huyo sikuweza kumfikia. Dezi niliweza.

Nilihamia Beni. Nikapanga nyumba Mulekera, nikaomba kazi ile ile kwenye pakingi: manifesti. Walinipa upesi, maana mwandiko wangu ni mzuri. Watu walidhani nimefuata maisha. Mimi nilifuata njia. Kutoka Mangina hakuna gari la kwenda Butembo moja kwa moja. Lazima ushuke Beni, ubadilishe gari, na kubadilisha gari ni kupita mbele ya meza yangu. Na Dezi alimwacha mama yake Butembo. Siku moja angepita. Mimi sina bunduki, sijawahi kushika. Nilikuwa na meza iliyokaa mahali pazuri.

Nilingoja miaka. Niliandika majina kamili sasa, jina la mtu na la baba yake na mtaa, hata abiria wakinung'unika. Kila mtu aliyetoka upande wa Mangina nilimtazama usoni kabla ya kuinua kalamu.

Akaja asubuhi moja, saa mbili. Ndevu nyeupe, shati halikupigwa pasi. Alinitambua akiwa ameshafika mbele ya meza, hakuweza kurudi.

"Paluku," akasema. "Mama amekufa. Banamuzika leo saa nane, Butembo. Niandike."

"Jina?"

"Paluku, unanijua."

"Kwa hii meza sijue mutu. Jina?"

Akalitaja, la kwake na la baba yake. Nikaweka kalamu chini.

"Labda place iko," nikamwambia. "Labda hapana."

Alielewa. Nilimwona akielewa, na nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka vidole.

"Nilikuwa na woga," akasema. "Bangeniua."

"Nabo balikuwa na woga."

"Unipige. Unifunge. Kesho nitarudia hapa, ufanye vile unataka. Lakini leo niache nimuzike mama, Paluku. Nakuomba kwa Mungu."

"Mama yangu naye anaomba kwa Mungu. Anaomba kuzika."

Magari manne yaliondoka mbele ya macho yake. La mwisho lilikuwa na nafasi mbili tupu. Alikwenda kwa wenye pikipiki. Mkubwa wao anaitwa Kakule, na baba yake ni mmoja wa wale sita, yule mwalimu. Nilimwita Kakule, nikamtajia jina la Dezi, basi. Hakuna pikipiki iliyowaka. Na huko njiani hakuna dereva ambaye angembeba mtu asiye kwenye manifesti, kwa ajili ya bariyeri za askari.

Saa nne akaanza kutembea.

Kutoka Beni mpaka Butembo ni zaidi ya kilometa hamsini, na milima haimhurumii mzee. Mchana ule nilikula vizuri. Nisikudanganye, nilikula nikaomba niongezwe. Jioni dereva mmoja alirudi, akasema amempita yule mzee upande wa Kabasha, viatu mkononi, anatembea kama mlevi. Nilimwambia anieleze tena. Akanieleza tena. Walikuwa wamezika saa nane kama walivyosema. Dezi alifika watu wameshanawa mikono.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Butembo kumwona mama. Lakini sikuanzia kwake. Nilianzia makaburini. Nilitaka kumwona Dezi na macho yangu, nione nilichomfanya. Ndugu zake waliniambia anashinda huko kila siku.

Nilimkuta. Alikuwa amekaa chini, kwenye udongo mwekundu, anang'oa majani yaliyoanza kuota pembeni ya kaburi. Msalaba ulikuwa wa mbao, mbaya, umepigwa misumari na mtu asiyejua kazi. Mdogo wangu angeona aibu kuuangalia. Miguu ya Dezi ilikuwa bado imefungwa vitambaa vya vidonda. Alipiga mkono juu ya ule udongo polepole, mara mbili, kama mtu anavyomlaza mtoto.

Kisha akaniona. Hakusimama. Alisogea kidogo, kama unavyompa mtu nafasi kwenye benchi.

"Karibu, Paluku."

Sikukaa. Niliondoka, nikatembea mpaka kwa mama. Mama akaniuliza mbona viatu vina udongo wa makaburini. Nikamwambia nilikwenda kuona mtu.

"Ulimuona Kambale?" akauliza.

"Hapana, Mama."

Akaendelea kuchambua maharage.

Sijamsamehe Dezi. Akija kesho mbele ya meza yangu, kalamu italala tena. Kama kungekuwa na njia nyingine ya kumuumiza, ningeifuata. Lakini siku ile kule makaburini, nikiwa nimesimama nyuma yake, sikuona niliyemshinda. Nilimwonea wivu. Alichelewa kumzika mama yake, lakini mama yake yuko pale, anajua kichwa kiko upande gani na miguu iko upande gani. Mimi, ninapomwombea mdogo wangu, sijui hata nigeukie wapi.