Gumba la Fundi na Dawa Isiyo na Lebo

Muuza dawa alikuwa na ulimi wa kumshawishi kila mtu mtaani, isipokuwa yule aliyelala naye kitanda kimoja. Kutwa, nyuma ya kaunta yake, aliwaambia wateja kwamba antibayotiki ya jina kubwa na ile ya kawaida ni chai ya birika moja, vikombe tu ndivyo tofauti. Walimwelewa. Kisha mumewe, fundi cherehani, akajichoma kwa sindano ya kushonea, kidole gumba kikavimba kama biringanya. Daktari akaandika antibayotiki ya siku saba, akaonya: ukichelewa tutapasua, na mkasi utausahau kwa muda mrefu.

“Nipe ile ya boksi la bluu,” fundi akamwambia mkewe.

“Imekwisha. Hii hapa ni dawa ileile.”

Fundi akakigeuza kidonge kama anayekagua pindo bovu. “Cheupe hivi? Kile kina rangi ya dhahabu.”

“Rangi haiui vijidudu, baba watoto. Kabla hiki hakijaruhusiwa kuuzwa, watu walimezeshwa vyote viwili, kila kimoja kwa zamu yake, wakatolewa damu kila baada ya muda. Dawa iliingia mwilini kwa kiasi kinacholingana na kwa kasi inayolingana. Kinachotofautiana ni rangi, unga wa kushikilia kidonge, na jina la kiwanda.”

“Hao waliotolewa damu walikuwa na gumba kama langu?”

“Walikuwa na akili kulishinda hilo gumba.”

Fundi akasusa. Kesho yake wekundu ukaanza kupanda kuelekea kiwiko, na muuza dawa akaishiwa na mzaha. Akaingia kibandani kwa mumewe, akafungua kopo la lebo. Mle mlikuwa na majina ya ng’ambo yaliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Miaka ishirini fundi alikuwa akiwashonea watu lebo hizo kwenye makoti aliyoyakata mwenyewe mezani pake. Mkewe akachagua iliyong’aa kuliko zote, akaketi kwenye cherehani, akaishona juu ya kibahasha cha vidonge.

“Haya. Sasa imetoka ng’ambo.”

“Unanidhalilisha mbele ya cherehani yangu.”

“Juzi mwalimu mkuu alikuuliza koti lipi litadumu, lenye lebo au lisilo nayo. Ulimjibuje?”

Fundi akakohoa. “Kwamba kitambaa ni kimoja.”

“Na mshono?”

“Mmoja,” akasema kwa sauti ya mtu aliyejikata kwa mkasi wake mwenyewe. Akameza.

Siku ya tatu uvimbe ukanywea, naye akataka kuvihifadhi vidonge vilivyobaki kwa ajili ya vidole vingine. Mkewe akamsimamia na kikombe cha maji mpaka siku ya saba, kama askari wa zamu.

Mwalimu mkuu alipofuata koti lake, akalikuta gumba linasukuma kitambaa kama zamani. Akauliza ni dawa gani iliyolitengeneza.

“Ya kawaida tu, mwalimu,” fundi akajibu bila kuinua macho. “Nzuri sana. Ila lebo yake imeshonwa kombo. Aliyeishona hajui cherehani.”