Usiku Rubab Alipojitaja

Kwa miaka minne Rubab aliwadanganya wasikilizaji wa redio. Mchana alishona magauni kwenye duka la vitambaa la familia yao mjini Kahama. Akipata nafasi alitunga mashairi na kuyatuma kwenye kipindi cha washairi kwa jina la Kalisti. Alihofu kwamba shairi la Kiswahili likitoka kwa mwanamke wa Kihindi, watu watacheka kabla hawajalisikia. Siri hiyo aliijua Wema peke yake, rafiki yake muuguzi.

Mwaka 1997 ukatangazwa mkesha wa sanaa kwenye uwanja wa mpira: ngoma, maigizo na mashindano ya mashairi mpaka alfajiri. Jioni hiyo Wema alikuja dukani kumchukua, akiwa na Paskazia, muuza samaki. Zakir, mdogo wake Rubab, akasimama mlangoni.

"Dada, wanawake wa nyumba hii hawakeshi uwanjani."

"Basi leo ataanza mmoja," Rubab akasema, akampita.

Walikula mishikaki, wakacheka na wachekeshaji, wakatazama wacheza ngoma wakitimua vumbi. Saa nane usiku mshereheshaji, Bujiku, akawaita washairi. Wakapanda jukwaani wanaume saba.

"Kuna mwingine?"

Rubab akajikuta amesimama. Hakuna aliyemsukuma.

"Karibu mama, umemsindikiza nani?" Bujiku akauliza, na uwanja ukaangua kicheko. Rubab akapanda, akamnyang'anya kipaza sauti.

*Dukani nilizaliwa, kati ya kanga na shuka,*
*Kahama nikalelewa, kwingine sijakufika,*
*Mgeni nikiambiwa, huishia kuwacheka,*
*Uwanja huu ni wangu, nimesimama sitoki.*

Kicheko kikakatika. Kufikia ubeti wa pili watu walikuwa wanaitikia kibwagizo. Mzee mmoja akapaza sauti kumshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja!"

Ndipo mkuu wa waamuzi, mwalimu Mabula, akainuka. "Hebu simama hapo. Utunzi huu naujua. Ni wa Kalisti wa redioni. Umeuiba."

"Kalisti ni mimi."

"Kalisti ni mwanamume!"

"Mwalimu, taja shairi lake lolote."

Mabula akataja lile la kisima kilichokauka. Rubab akalighani lote bila kukwama. Mwalimu akataja jingine, nalo Rubab akalimaliza. Mabula akakaa, akanong'ona na waamuzi wenzake, kisha akatangaza kwamba mtu aliyedanganya jina redioni hawezi kupewa zawadi.

Watu wakazomea. Paskazia alisikika kuliko wote. Machozi yalimlenga Rubab, lakini hakushuka.

"Zawadi kaeni nayo," akasema. "Nina beti nne sijamaliza."

Akazimaliza zote.

Kulipokucha alimkuta Zakir barazani. "Mji mzima unakusema wewe. Wateja nitawaambia nini?"

"Waambie dada yako anaitwa Rubab, na anatunga."

Zakir alinuna wiki mbili. Katika wiki hizo wasichana watatu wa sekondari walianza kuja dukani kila jioni. Hawakutaka kitambaa, walitaka kujua mizani inahesabiwaje. Rubab akawasogezea benchi karibu na cherehani. Siku Zakir alipofungua mdomo, ilikuwa kuuliza kama hapo ni duka au shule.

"Vyote viwili," Rubab akajibu bila kuinua macho. "Wapishe wakae."