Chaza wa Bibi

Mtaani kwetu Temeke, mvua ikianza tu, watu wanatapisha vyoo: wanatoboa shimo, kinyesi kinakwenda na maji hadi mtoni.

Juzi nilimfokea jirani aliyeshika sururu. Akacheka. "Tulia, binti. Mto unapeleka baharini, na bahari ni kubwa."

Hasira zikanipanda. Mto wetu unaingia baharini pale kwenye mikoko, ambako bibi yangu anabandua chaza wa kuuza.

Kesho yake jirani huyo huyo akaja na bakuli. "Shikamoo bibi, nipimie chaza."

Nikafunika sufuria. "Huuziwi! Wametoka huko ulikopeleka choo chako!"

Bibi akaniangalia. "Na wateja wengine je, mjukuu wangu, niwauzie?"

Nikachimba shimo uani, nikafukia chaza wote, riziki yake ya siku hiyo, huku nalia kwa hasira.