Chapa ya Ngamia kwenye Mitungi ya Maziwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Eddo Habiba aliingia dukani kwangu hapa Garissa, hata salamu hakuimaliza, akachora kwa kidole juu ya vumbi la meza yangu. Mstari mmoja wima, na juu yake duara lisilofungwa. "Hii," akasema. "Hii ndiyo utuwekee kwenye stika za maziwa."

Eddo kwetu ni shangazi, dada yake baba, na huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka Nairobi na cheti cha usanifu na kompyuta moja, kichwa kimejaa majina ya fonti. Kikundi kilitaka nembo ili maduka yakubali kuuza maziwa yao. Kazi tamu, tena ya nyumbani. Basi mbona niliogopa?

Kwa sababu alichokichora ni chapa ya ukoo wetu, ile ya moto ambayo ngamia wetu huchomwa shingoni. Kiswahili kina vituko vyake, mwanangu. Alama ya kumchoma mnyama ni chapa, alama ya biashara ni chapa, na hata kitabu nacho hupigwa chapa. Neno moja, na Eddo alitumbukia humo mzima mzima. Nusu ya akina mama wale walikuwa wa ukoo wetu, nusu nyingine wa ukoo wa Shamso, makamu wake, na ngamia wao wana chapa yao. Shamso abebe mtungi wenye chapa yetu apite nao mbele ya kaka zake? Wangemwuliza, "Umeanza lini kuwakamulia watu?" Wengine wangesema maziwa ni ya wizi. Na koo hizi mbili zilishawahi kugombania kisima. Mwenye kovu usidhani kapoa. Stika ile ingekivunja kikundi, na wajane waliokuwa wakisomesha watoto kwa maziwa yale wangebaki mikono mitupu.

Nilijua yote hayo. Lakini nani wa kumwambia Eddo? Mwanamke yule akikohoa, soko zima linanyamaza.

Nikaenda kwa Awowe, babu yangu, baba yake Eddo, mwenye ngamia na chapa yenyewe. Nilimkuta ameketi kivulini mwa nyumba akichonga mswaki. Nikamweleza, nikamwomba amkataze bintiye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikaripia kwa sauti yake ile ile ya chini.

"Kalamu ameshika nani, mimi au wewe?"

"Mimi, Awowe."

"Basi mbona unakuja kunituma? Mimi nikimwambia ataacha kwa kuniogopa, na moyoni atabaki nayo. Mtu aliyepewa kazi ya kuwaandikia watu asijifiche nyuma ya mzee." Akatema kibanzi cha mswaki. "Chapa ile nimeichoma maisha yangu yote. Inasema: huyu ni wangu, ondoa mkono. Sasa nyinyi mnauza maziwa. Mnataka kumwambia mnunuzi aondoe mkono?"

Akacheka peke yake. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza njia ya kwenda kwa Eddo. Nilipoinuka akaniongezea: "Nyumbani kwake, si mbele ya watu."

Kesho yake nilimkuta Eddo anakunywa chai. Nikamwambia yote, macho chini.

"Wewe!" akasema. "Wewe uliyekua kwa maziwa ya ngamia wenye chapa hiyo!"

"Ni kweli, Eddo. Na watoto wa Shamso wamekua kwa maziwa ya wenye chapa ile nyingine."

Alinitazama kama hajawahi kuniona. Akamwaga chai iliyobaki kikombeni, akaniambia niende zangu. Nililia njiani, mwanangu, sikufichi. Nilidhani nimefiwa na mama mara ya pili.

Siku ya mkutano akina mama walijaa kwenye kibanda cha maziwa. Habari zilikuwa zimevuja kwamba Eddo analeta chapa ya kwao, na Shamso na wenzake walikaa upande wao, mitungi wameikumbatia. Eddo akasimama, akaninyooshea kidole.

"Huyu binti wetu wa kombyuta," akasema, "nilimwagiza nembo ya maziwa, yeye akaniletea chapa ya ngamia! Nairobi imemharibu. Ngamia hamjui kabisa. Nimemwambia akachore upya."

Haki ya Mungu, damu ilinipanda. Mimi? Mimi niliyefukuzwa na chai haijaisha? Nilishafungua mdomo niseme ukweli, ndipo nikamwona Shamso. Mabega yake yalishuka, akaanza kucheka. Wenzake wakacheka, wa kwetu nao wakacheka, pande zote mbili wananicheka mimi. Nikasema, "Samahanini, mama zangu," nikaketi. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Binti," Shamso akasema huku anafuta machozi ya kicheko, "kama ngamia humjui, hata mitungi yetu huioni?" Akanyanyua mmoja, kishikio chake kimefungwa kitambaa chekundu. Kila mama ana rangi yake, ili gari likifika na maziwa kutoka porini kila mmoja aujue mtungi wake. Basi nikachora vitambaa vya rangi mbalimbali vimeshikana kwa fundo moja, na chini yake CAANO GEEL kwa lugha yetu, kisha MAZIWA YA NGAMIA, kwa herufi nene za kusomeka kwa mbali. Akina mama waliibeba nembo ile wote, na kikundi kipo hadi leo.

Eddo hakunitaka radhi mpaka tunamzika, Mungu amrehemu. Ila siku ile baada ya mkutano alinishika mkono, akaubana, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Nayasema haya kwa kuwa juzi ulinijia umenuna, eti wakulima wa Masalani wamekugeuzia bango ulilowachorea na jina lako wameliondoa pale kwenye kona. Mwanangu, kabla hujauliza kama nembo inapendeza, uliza ni nani atakayeona haya kuibeba. Ukiona hatari, mwambie mkubwa wako, kwa adabu, nyumbani kwake. Heshima si utumwa. Na ukishaisema kweli faraghani, usiidai tena hadharani. Anayepita sokoni hasomi kona ya bango. Mimi hadi leo akina mama wale wananiita binti asiyejua ngamia, na mvi hizi zote kichwani. Naitika.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu aubariki mkono wako, akupe jicho la kumwona aliyekaa upande wa pili, na akupe subira ya kuchekwa na watu uliowafaa. Amin.