Fundi aliyelikata neno "fukara"

Saa mbili asubuhi, karakana ya gereza la wanawake inanguruma. Fundi Jicho, kama wenzake wanavyomwita kwa kuwa hupima kiuno kwa kutazama tu, anapitisha kola chini ya sindano huku akinong'ona: "Mimi mdai, ninaiomba mahakama yako tukufu..."

"Shona kwanza, wakili!" anamtania mwenzake wa meza ya pili. "Hiyo kola itakatiwa rufaa!"

Anacheka, lakini mkono hausimami.

Mama huyu wa binti mmoja anatumikia miaka minne kwa kununua vitambaa vya wizi, kosa analolikiri bila kuzungukazunguka. Amebakiza miezi kumi na moja. Anachopigania ni cherehani zake tatu, alizoziacha kwa mwenye fremu ya duka aliyokuwa amepanga. Sasa bwana huyo anadai ni zake, na anazitafutia mteja.

"Alimwambia binti yangu, 'Mama yako yuko ndani, atanishtaki na nani?' Mtoto alinihadithia huku analia. Nikamwambia, futa machozi mwanangu, kaniletee risiti."

Wakili hana. Hati ya madai ameiandika mwenyewe, kwa mkono, mara tano. Kikwazo kikawa ada ya kufungulia kesi, ambayo ni sawa na ujira wake wa gerezani wa miezi kumi na minne. Angeachiwa huru kabla haijatimia.

Asiyejiweza anaruhusiwa kuomba asamehewe ada. Fomu ipo, imeshachapwa: "Mimi ni fukara, sina mali yoyote." Unajaza jina, unaapa, basi.

Yeye akalikata neno "fukara", na juu yake akaandika "fundi".

Baada ya wiki tatu fomu ilirudi. Karani wa masjala ya mahakama alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Tunasamehe mafukara, si mafundi."

"Nilimwambia, dada yangu, acha kiburi, weka fukara twende," anakumbuka afande wa ustawi, anayepeleka karatasi za wafungwa mahakamani. "Akanijibu, 'Afande, nikiapa kwamba sina mali yoyote, hizo cherehani ninazodai ni za nani?' Nikaenda kumtafutia karatasi tupu."

Mchana huo wakaiweka fomu kando, wakaandika kiapo kipya chenye mistari mitatu: "Nina cherehani tatu. Zote ziko kwa mdaiwa. Ada nitailipa zikirudi."

Jumatatu iliyopita jibu lilifika. Ada itasubiri hukumu, kesi imepewa namba, na cherehani zisiuzwe hadi shauri lisikilizwe mwezi ujao.

Karakana nzima ilipiga vigelegele mpaka afande wa zamu akaja mbio akidhani kuna moto.

Binti yake, mwenye miaka kumi na sita, analelewa na mama yake mdogo. "Nataka nikitoka nimfundishe kazi kwenye cherehani zangu, si za kuazima," anasema Fundi Jicho.

Na kortini ameshapanga atakavyoanza.

"Nitaomba ile cherehani yangu nyeusi iletwe mbele ya hakimu. Kisha nitamwambia yule bwana, haya mzee, si yako? Itunge uzi. Ile haitungwi kama cherehani nyingine."

Inatungwaje? namuuliza.

"Wewe nawe!" anasema, akivuta kola nyingine. "Unataka nikupe ushahidi wangu uuweke gazetini aende kuusoma?"