Kidole cha Shemeji

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa zahanati katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Kiingereza changu kilikuwa na maringo mengi kuliko maneno. Watu walinipisha njia kwa sababu ya kalamu niliyoichomeka mfukoni, nami nilipita.

Shemeji yangu, mume wa dada, alitoka kwetu Samuye kuja kufanya kazi shimoni. Siku moja jiwe lilimwangukia mguuni likamvunja kidole gumba. Mganga wetu, fundi wa kufunga bandeji lakini asiyejua kusoma Kiingereza, akaniambia niandike cheti: kidole kimevunjika, apumzike wiki mbili. Bila cheti hicho, mtu asiyeshuka shimoni alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Nikaandika "finger" kwa mwandiko wa kulaza, nikapuliza wino ukauke, nikamkabidhi kama mtu anayetoa zawadi.

Sasa, kwetu kidole ni kidole. Kiwe cha mkono, kiwe cha mguu, Kiswahili hakibagui. Na msidhani neno "toe" sikulijua. Mwalimu wetu alitufundisha kwa kutuonyesha ncha ya kiatu chake, maana mguu wenyewe ulikuwa ndani, nami nikaweka akilini kwamba "toe" ni ncha ya kiatu. Shemeji alikuwa anatembea peku. Hakuwa na kiatu, basi hakuwa na "toe". Niliona nimefikiri sawasawa kabisa.

Mzungu wa zamu alisoma cheti, akamtazama shemeji anavyochechemea, akamwambia anyooshe mikono. Akavikunja vidole kimoja kimoja, vyote kumi vizima. Shemeji alidhani ndiyo matibabu yenyewe, akashukuru. Hapo Mzungu akakasirika. Mtu gani anachechemea kwa kidole cha mkono? Shemeji akamwonyesha mguu uliofungwa bandeji, akajibiwa kwamba karatasi haitaji mguu, na bandeji hiyo ni ujanja tu. Kesho asubuhi ashuke shimoni, la sivyo afungashe mizigo arudi kwao.

Alinijia zahanatini na cheti mkononi. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Aliniuliza tu kwa upole kama karatasi yangu ilikuwa na ugonjwa mwingine asiouona yeye. Dada alikuwa karibu kujifungua, na kazi ile ndiyo waliyoitegemea.

Ningeweza kusema mganga ndiye aliyenitajia vibaya. Cheti asingeweza kukisoma, angebishaje? Wazo hilo lilinijia, nakiri, na likakaa kidogo. Kisha nikaitoa kalamu mfukoni, nikaiacha mezani, tukaenda pamoja, yeye akiniegemea begani.

Niliifungua bandeji mbele ya Mzungu. Kidole kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi. Nikasema kosa ni langu. Akaniuliza kwa nini basi sikuandika "toe". Nikamweleza, kwa Kiingereza kidogo kilichonibakia, kwamba mtu huyu hana viatu. Alinitazama, akakitazama kiatu chake mwenyewe, kisha akacheka mpaka akatafuta kiti. Akaandika cheti kipya kwa mkono wake. Njiani kurudi shemeji aliniuliza Mzungu alicheka nini, nikamweleza habari yote ya "toe" na kiatu. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto, lakini shemeji alipata wiki zake mbili, na mtoto alizaliwa baba yake akiwa bado na kazi.

Mwaka uliofuata nilimnunulia shemeji viatu vyeusi. Kidole kilikuwa kimepona kikiwa kimepinda, hivyo kiatu cha kulia kilimbana, lakini alivivaa hivyo hivyo akaja navyo zahanatini, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Akaamkia watu wote bila haraka. Kisha akauinua mguu, akaigonga ncha ya kiatu kwenye ukingo wa meza yangu.

"Shemeji," akasema, "sasa ninayo. Niandikie vizuri."